Mjusi wa Tendaguru hakuwahi kumwona T. rex: Kretasia ni nini, na mifupa ya kipindi hicho Tanzania iko wapi

Mjadala wa kumrudisha nyumbani mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mla majani aliyechimbwa Lindi na kusimamishwa Berlin, Ujerumani, huibuka bungeni kila baada ya muda, na kila unapoibuka simu zetu hujaa picha. Tatizo ni kwamba picha inayosambazwa mara nyingi si yake. Utaona mnyama aliyesimama kwa miguu miwili, kichwa kikubwa, meno yametokeza, vijikono vifupi vimening'inia kifuani. Huyo ni Tyrannosaurus rex wa Amerika Kaskazini. Hakuwahi kukanyaga Afrika, hakula majani kama yule wa Tendaguru, na alikuja duniani miaka milioni 80 na ushei baada ya mwenzake kuwa mifupa chini ya udongo wa Lindi.

Chini ya picha hiyohiyo utakuta na mengine: kwamba dinosaria wote waliishi pamoja, kwamba mamba ni dinosaria aliyebaki, kwamba walimalizwa na kimondo cha Mbozi, kwamba gesi yetu imetokana na mizoga yao. Ukifuatilia, sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inazunguka kipindi kimoja kiitwacho Kretasia. Dinosaria wengi wanaotamba kwenye filamu ni wa Kretasia. Mjusi wetu maarufu siye. Na Tanzania inao wa Kretasia pia, tena wa ajabu, ila wako upande mwingine kabisa wa nchi na ni wachache wanaowajua.

Kwanza tuelewane kuhusu miaka

Wataalamu wa miamba wameigawa enzi ya dinosaria katika vipindi vitatu. Cha kwanza ni Triasiki, kilichoanza miaka milioni 252 iliyopita. Kikafuata Jurasiki, kuanzia miaka milioni 201 iliyopita. Cha mwisho ni Kretasia, kilichoanza miaka milioni 145 iliyopita na kuisha miaka milioni 66 iliyopita. Kretasia peke yake ilidumu miaka milioni 79. Huo ni muda mrefu kuliko wote uliopita tangu iishe hadi leo hii.

Namba kama hizo hazikai kichwani. Kwa hiyo chukua barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro na kila kilomita moja uipe miaka milioni moja. Leo ni Posta. Binadamu wa aina yetu, ambao mabaki yao ya kale zaidi yana miaka 300,000 hivi, hawavuki mita 300 kutoka hapo Posta. Mababu wote, falme zote na vita vyote vimo humo, hata Kariakoo hatujafika. Endesha upite Kibaha, upite Mlandizi. Kwenye kilomita ya 66 ndipo Kretasia ilipokwisha, na T. rex unamkuta hapohapo, kati ya kilomita ya 66 na ya 68. Ukikaribia Chalinze uko katikati ya Kretasia. Kilomita ya 145 ndiyo mwanzo wake. Mjusi wa Tendaguru yuko kwenye ya 150 hivi. Ukiingia Morogoro mjini, karibu na kilomita ya 200, umefika mpakani mwa Jurasiki na Triasiki, na dinosaria wa mwanzo kabisa wako mbele bado, njia ya kwenda Mikumi.

Barabara hiyo inajibu maswali mawili kwa mkupuo. Je, binadamu aliwahi kuwinda dinosaria, au kuwindwa naye? Hapana, kati yao kuna kilomita 65 na kitu. Je, T. rex aliwahi kumkimbiza mjusi wa Tendaguru? Hapana vilevile, maana kati ya hao wawili kuna umbali mkubwa kuliko ule uliopo kati ya T. rex na sisi.

Nani ni dinosaria na nani siye

Dinosaria walikuwa kundi la reptilia wa nchi kavu ambao miguu yao ilisimama wima chini ya mwili. Mtazame mjusi ukutani: miguu imetanuka pembeni, tumbo liko karibu na ukuta. Kisha mtazame kuku anavyotembea uani. Dinosaria alitembea kama kuku. Sina ugomvi na anayesema "mjusi wa Tendaguru", jina limeshazoeleka na litabaki, lakini kiukoo mjusi na dinosaria ni watu wa mbali.

Mamba yuko karibu zaidi na dinosaria kuliko mjusi alivyo, lakini ni binamu. Tawi lake lilijitenga kabla dinosaria wa kwanza hajatokea. Wale wenye mabawa ya ngozi, terosaria, nao ni binamu. Mmoja wao wa mwishoni mwa Kretasia, Quetzalcoatlus, ambaye mifupa yake ilipatikana Texas, mabawa yake yakitandazwa yalifika mita 10, na hata hivyo hakuwa dinosaria wala ndege. Waliotawala bahari nao hawakuwamo. Mosasaria, majitu ya baharini ya mwisho wa Kretasia yaliyoogelea kwa mapezi na mkia mpana, kiukoo wako na kenge na nyoka. Kwa hiyo ukitaka mjusi wa kweli, mkubwa wa kutisha, mtafute baharini.

Na kuku? Kuku ni dinosaria. Ndege walitokana na dinosaria wadogo wala nyama tangu kipindi cha Jurasiki, na manyoya yalikuwepo kabla ya kuruka. Tangu 1996, miamba ya Liaoning nchini China imetoa dinosaria baada ya dinosaria mwenye manyoya, akiwemo Yutyrannus, mla nyama wa urefu wa mita 9 hivi, aliyeishi mapema katika Kretasia. Velociraptor, yule filamu zimemfanya awe na kimo cha mtu na ngozi tupu, mifupa yake ya Mongolia inaonyesha alikuwa na ukubwa wa bata mzinga, na mkono wake una vinundu vilivyoshikilia manyoya. Tahadhari moja tu: kuku hakutoka kwa T. rex. Wanashiriki babu wa mbali, basi.

Vipindi vitatu, sehemu tatu za nchi

Si kila nchi inaweza kuonyesha vipindi vyote vitatu kwenye ardhi yake. Tanzania inaweza, na hapa ndipo habari zinapochanganywa zaidi.

Cha Triasiki kiko Bonde la Ruhuhu, kusini, upande wa Ziwa Nyasa. Huko miaka ya 1930 ilichukuliwa mifupa michache iliyokaa kabatini Uingereza hadi wanasayansi walipoichunguza upya na kuitangaza mwishoni mwa 2012 kwa jina Nyasasaurus parringtoni. Ina umri wa miaka milioni 243 hivi. Ama ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana duniani, ama ni ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria wa kwanza. Mifupa ni michache mno kuamua.

Cha Jurasiki ni Tendaguru, mkoani Lindi. Habari yake inajulikana, nitaipitia haraka. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913 chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na mifupa ikabebwa vichwani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mnyama aliyesimamishwa Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, leo anaitwa Giraffatitan brancai. Matabaka ya juu kabisa ya Tendaguru yanagusa mwanzo wa Kretasia, na hilo limewachanganya wengi, lakini Giraffatitan ametoka kwenye matabaka ya Jurasiki.

Cha Kretasia kiko Songwe, kwenye Bonde la Ufa la Rukwa. Ninarudi huko baada ya kueleza dunia ya wakati huo ilivyokuwa, maana bila hilo wanyama wa Songwe hawaeleweki.

Dunia yenye joto, isiyo na nyasi

Kretasia ilikuwa na joto. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho ncha za dunia hazikuwa na barafu ya kudumu, na Antaktika ilikuwa na misitu. Maji ambayo leo yamegandishwa huko yalikuwa baharini, na bahari ikapanda na kufunika sehemu pana za mabara. Ulaya ilikuwa visiwa visiwa. Amerika Kaskazini ilipasuliwa katikati na bahari, na T. rex aliishi upande wa magharibi wa mpasuko huo.

Ushahidi mmojawapo mzuri wa joto hilo umetoka pwani yetu. Chini ya ardhi ya Lindi na Kilwa kuna udongo wa mfinyanzi uliotuama kwenye sakafu ya bahari miaka milioni 90 hivi iliyopita. Watafiti walioutoboa na kutoa nguzo ndefu nyembamba za udongo walikuta humo magamba ya foraminifera, viumbe wa chembe moja wasiozidi punje ya mchanga. Mengi yamehifadhika vizuri mno, bado yanang'aa kama kioo, kwa sababu mfinyanzi haupitishi maji ya kuyaharibu. Kemia ya gamba hubadilika kulingana na joto la maji kiumbe alipokuwa hai. Waliposoma kemia hiyo walipata bahari yenye joto la digrii 30 na zaidi, tena ikabaki hivyo kwa muda mrefu.

Magamba ya viumbe wengine wadogo kuliko hao ndiyo yaliyotengeneza miamba myeupe ya chaki huko Dover, Uingereza, na sehemu nyingine za Ulaya. Jina Kretasia limetokana na chaki hiyo.

Ardhi nayo ilikuwa inahama. Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja, sehemu ya bara kuu la Gondwana, na ilipofika katikati ya Kretasia, miaka milioni 100 na kitu iliyopita, bahari ya Atlantiki ikawatenga. Madagaska ilikuwa imeshaachana na Afrika zamani, ikiwa bado imeshikamana na India. Mnyama aliyeishi Songwe mwanzoni mwa Kretasia alikuwa na jamaa waliotembea hadi Brazil bila kulowa miguu. Wajukuu zake hawakuweza.

Halafu kuna maua. Ukirudi Tendaguru ya Giraffatitan utakuta misonobari na majani ya jamii ya mitapo, ua hata moja hutaliona. Mimea ya maua ilianza kuonekana wazi mapema katika Kretasia, miaka milioni 130 hivi iliyopita, na hadi kipindi kinakwisha ilikuwa imetapakaa. Nyuki na mchwa ni wa enzi hiyo pia. Nyasi zilikuja mwishoni, kidogo kidogo. Chembe zake zimepatikana India ndani ya kinyesi cha dinosaria kilichogeuka jiwe. Kwa hiyo ile michoro ya dinosaria wakichunga kwenye mbuga ya nyasi kama Serengeti ni ya kubuni. Mbuga za namna hiyo zilikuja baada yao kwa makumi ya mamilioni ya miaka.

Songwe: paka, shingo na moyo

Ukifika kusini mwa Ziwa Rukwa, mito ya msimu imekata kuta za mchanga mwekundu uliogeuka jiwe. Wanajiolojia wanayaita matabaka hayo Galula. Mchanga huo ulisukumwa na mito iliyopita hapo katika Kretasia, mamilioni ya miaka kabla ya Bonde la Ufa la sasa kufunguka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 timu ya Watanzania na wageni imekuwa ikichimba huko, na ilichokipata kinastahili kujulikana kuliko kinavyojulikana.

Nianze na mdogo. Mwaka 2008 ilitoka mifupa ya mnyama mwenye ukubwa wa paka, fuvu lake linaenea kwenye kiganja cha mkono. Taya zilikuwa zimefumba na jiwe limejaa katikati, meno hayaonekani. Badala ya kuyavunja, wakalipitisha fuvu kwenye mashine ya CT, ileile ya hospitalini, na picha zilipotoka zikawashangaza. Mdomoni mlikuwa na meno ya mbele ya kuchoma na meno ya nyuma mapana yenye vilima na mabonde yanayoshikana, ya kutafuna. Reptilia wengi wa leo hawatafuni. Mamba wa leo hunyakua, huvunja na kumeza, na meno yake yote ni ya namna moja. Huyu alikuwa na kinywa cha mamalia, ilhali kila kitu kingine kilisema ni wa ukoo wa mamba. Miguu ilikuwa myembamba na mirefu, pua inatazama mbele, magamba magumu yamebaki mkiani tu na sehemu kubwa ya mwili imeachwa nyepesi. Huyu alikuwa mkimbiaji wa nchi kavu, labda akila wadudu na wanyama wadogo.

Alitangazwa 2010 kwa jina Pakasuchus kapilimai. Sehemu ya kwanza ni paka wetu huyuhuyu akiunganishwa na neno la Kigiriki la mamba. Ya pili ni heshima kwa Saidi Kapilima, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Umri wake ni miaka milioni 105 hivi.

Kwa nini mamba awe hivyo? Kusini mwa Gondwana mamalia wa wakati huo walikuwa wachache, na inaelekea ukoo wa mamba ulijaza nafasi ambazo kwingine zilishikwa na mamalia. Mamalia wenyewe hawakukosekana kabisa. Katika mchanga huohuo wa Galula kumepatikana kipande cha taya la mnyama mdogo anayeitwa Galulatherium jenkinsi, mwenye meno yaliyokua maisha yake yote. Taya moja tu, na ni miongoni mwa mabaki machache sana ya mamalia wa Kretasia kutoka Afrika kusini mwa Sahara.

Sasa wakubwa. Dinosaria wa Galula wanaojulikana zaidi ni titanosaria, walao majani wenye shingo ndefu, kundi lililotamba Kretasia baada ya ndugu za Giraffatitan kufifia. Rukwatitan bisepultus alitangazwa 2014. Mifupa yake ilikuwa imejichomeka kwenye ukuta wa mwamba, na kuitoa kulihitaji misimu miwili na msaada wa wachimbaji wa makaa ya mawe, watu wanaojua kuondoa mwamba mzito bila kuuangusha juu ya vichwa vyao. Shingopana songwensis akafuata 2017. Mifupa yake ina matundu yaliyotobolewa na wadudu waliokula mzoga kabla haujafukiwa, na jamaa zake wa karibu wanaojulikana wako Amerika Kusini, si sehemu nyingine ya Afrika. Ile Gondwana niliyoieleza inaonekana kwenye mfupa wa shingo.

Wa 2019 ndiye nimpendaye kwa jina: Mnyamawamtuka moyowamkia. Lisome polepole uone: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Mtuka ni mto wa msimu ambao kwenye ukuta wake wa juu mifupa ilionekana 2004, na watu wakaning'inizwa kwa kamba kuifikia. Uchimbaji uliendelea hadi 2008. Moyo wa mkia ni kwa sababu pingili za mkia wake, ukizitazama kwa nyuma, zina umbo la moyo. Alikuwa hajakomaa alipokufa. Mwanafunzi wa London au Buenos Aires akijifunza titanosaria wa Afrika leo anatamka Kiswahili bila kujua, wakati mwanafunzi wa Vwawa hajawahi kumsikia. Hilo linanikera kuliko suala la Berlin, niseme ukweli.

Basi mkali wa Afrika alikuwa nani?

Aliyetaka mla nyama wa kutisha asikate tamaa. Afrika ya Kaskazini ya katikati ya Kretasia, miaka milioni 95 hadi 100 hivi iliyopita, ilikuwa na Carcharodontosaurus, mwenye urefu unaokaribia wa T. rex, na Spinosaurus, mwenye tanga mgongoni na mdomo mrefu wa kuvua samaki. Spinosaurus alipewa jina 1915 na Mjerumani Ernst Stromer kwa mifupa ya Misri. Mifupa hiyo iliteketea Munich kwenye mabomu ya Aprili 1944, na kwa miaka mingi dunia ilibaki na michoro yake na picha chache, hadi mifupa mingine ilipotoka Morocco. Kama aliogelea na kupiga mbizi au alisimama tu kandokando ya maji kama korongo, wataalamu bado wanabishana, na si kwa upole.

Baharini, mmoja wa wakazi wa Kretasia ana habari ya hapa nyumbani. Samaki wa jamii ya silikanti walijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, na kwa kuwa visukuku hivyo viliishia Kretasia, vitabu viliandika wametoweka. Mwaka 1938 mmoja akavuliwa Afrika Kusini, wengine wakapatikana Komoro, na 2001 mmoja akanaswa Malindi. Tangu 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga wanaotega jarife kwenye maji ya kina kirefu, wamewanasa kwa makumi, hadi serikali ikaanzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka 2009. Wengi husema silikanti ni samaki yuleyule wa enzi ya dinosaria. Ni ukoo uleule. Samaki wa Kigombe, huko pwani ya Tanga, ni wa jenasi nyingine, yaani tawi jingine la ukoo huo, tofauti na wale wa kwenye mawe.

Kimondo, lakini si cha Mbozi

Mwaka 1980 Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao wawili walitangaza kwamba tabaka jembamba la udongo lililopo mpakani kabisa mwa Kretasia, huko Gubbio, Italia na kwingineko, limejaa iridi, madini adimu kwenye ardhi yetu lakini ya kawaida kwenye vimondo. Wakasema kitu kikubwa kiligonga dunia. Walichekwa. Miaka kumi baadaye shimo lenyewe likatambuliwa, limefukiwa chini ya rasi ya Yucatan, Mexico, mahali paitwapo Chicxulub. Upana wake ni kilomita 180 hivi. Hizi ni kilomita za kweli, si za mfano wangu wa barabara. Kilicholichimba kilikuwa na upana wa kilomita 10 au zaidi.

Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi, kina urefu wa mita 3 na ushei na uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Ni miongoni mwa vikubwa vinavyojulikana duniani, na kuangalia hakuchoshi. Lakini kilianguka juzi tu kwa hesabu za miamba, na kingeweza kuua ng'ombe, si ukoo mzima. Naelewa mtu anavyochanganya: Songwe ina kimondo na Songwe ina dinosaria. Havihusiani.

Kilichoua si pigo peke yake. Miamba ya Yucatan ilikuwa na salfa nyingi; ilirushwa angani pamoja na vumbi na masizi, jua likazibwa, baridi ikaingia, mimea na planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini, wakashindwa kutengeneza chakula. Walao majani wakafa, kisha waliowala. Wakati huohuo India ilikuwa ikitapika volkano kwa malaki ya miaka, na mjadala upo kuhusu mchango wake, ingawa ushahidi unaelemea zaidi kwenye kimondo. Kadiri ya robo tatu ya aina zote za viumbe zilitoweka. Mamba, kasa, vyura, nyoka, mamalia wadogo na baadhi ya ndege walipita. Waliosalimika wengi walikuwa na miili midogo, au waliweza kukaa muda mrefu bila kula, au waliishi kwenye maji baridi ambako chakula kilitegemea mabaki yaliyooza zaidi kuliko majani mabichi.

Na gesi? Kisima cha Songo Songo kiligunduliwa 1974, na gesi yake imekuwa ikiwasha umeme tangu 2004. Imehifadhiwa ndani ya mchanga wa mapema wa Kretasia, hilo ni kweli, na huenda ndipo uvumi ulipoanzia. Lakini mchanga ule ni ghala tu. Gesi na mafuta hutokana na wingi usiohesabika wa viumbe wadogo wa majini na mabaki ya mimea, vikifukiwa na kupikwa chini kwa mamilioni ya miaka. Dinosaria hawakuwa wengi kiasi hicho.

Wanajuaje umri?

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na jibu la haraka la mtaani, kwamba wanapima kaboni, si sahihi. Kaboni hufaa kwa vitu vya miaka 50,000 hivi. Baada ya hapo haibaki ya kupima. Kwa Kretasia mfupa wenyewe kwa kawaida haupimwi. Kinachopimwa ni mwamba. Majivu ya volkano yana fuwele ndogo za zirkoni zenye urani, na urani hugeuka kuwa madini ya risasi kwa mwendo usiobadilika, hivyo ukihesabu kilichobaki na kilichogeuka unapata miaka. Pasipo majivu hutumika visukuku vingine vyenye umri unaojulikana. Tendaguru ina matabaka ya bahari yenye amonaiti, wanyama wa baharini wenye magamba yaliyojiviringisha, na ndizo zilizosaidia. Galula haina bahari, ni mchanga wa mto mtupu. Huko wamepima zirkoni zilizosombwa na maji, zinazosema mwamba hauwezi kuwa mzee kuliko punje yake changa zaidi, na wamesoma sumaku iliyoganda ndani ya mchanga wakati unatuama, maana ncha za sumaku za dunia zimegeuka mara nyingi na tarehe za migeuko hiyo zinajulikana.

Ndiyo maana mchungaji au mkulima wa Songwe, Lindi au Ruhuhu akiona mfupa wa jiwe umechomoza kwenye kingo za mto, jambo la maana ni kuuacha ulipo, kupiga picha inayoonyesha ukuta mzima na kutoa taarifa serikali ya kijiji, ifike Makumbusho ya Taifa. Ukishang'olewa na kupelekwa nyumbani, hakuna tena wa kusema ulikaa juu ya tabaka lipi na chini ya lipi, na hapo hata mashine bora duniani haitajua kama ni wa Kretasia au wa lini.